Mwaka wa Kijinzi

Maneno kwa walimu na watu wa mitaa



Desturi ya sikukuu ya jubilei ni kuhesabu miaka. Twasema, mwaka fulani jiwe la msingi liliwekwa, mwaka fulani shule ilifunguliwa, mwaka fulani njaa ilituingilia. Na hesabu hiyo ni njema, kwa maana mtu asiyekumbuka alikotoka hajui namna ya kushukuru. Lakini tulipoombwa kusema neno tumeona vema tusihesabu miaka mingi, bali tutazame mwaka mmoja tu, wala si mwaka wetu. Ni mwaka 1910, na mahali ni mji wa New York katika nchi ya Marekani, katika Chuo Kikuu cha Columbia, katika idara iliyofundisha elimu ya wanyama.

Huenda mtu akauliza, Sisi na hao tuna nini? Twamwomba avumilie kidogo. Katika mwaka ule watu wachache, katika chumba chembamba, walianza kufumbua jambo liingialo katika nyumba ya kila mmoja wetu: kwa nini mtoto hufanana na mzazi wake, kwa nini pengine hafanani naye bali na babu yake, na kwa nini maradhi mengine huwapata wana wa kiume na kuwapita mabinti. Nao hawakulifumbua kwa dhahabu wala kwa vyombo vya thamani, ila kwa chupa za maziwa, na ndizi mbivu, na subira ya kuhesabu.

Chumba chenyewe kilikuwa katika jumba liitwalo Schermerhorn. Urefu wake ulikuwa futi 23 na upana wake futi 16, na ndani yake zilisongamana meza 8. Mkungu wa ndizi ulining'inizwa humo, na kila mahali palijaa chupa, zile zile za kutilia maziwa, na ndani ya kila chupa ndizi iliyopondwa pamoja na vijinzi. Mende walikaa katika saraka za meza kama wapangaji, na harufu ya ndizi zilizochacha ilimpokea mgeni mlangoni. Watu wakakiita Chumba cha Nzi.

Vijinzi hivyo mwavijua. Ndivyo vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva mno na kibuyu cha tembo, navyo si vikubwa kuliko punje ya mtama. Tena si wageni kwetu. Wataalamu wa siku hizi waona kwamba asili yao ni Afrika, upande wa kusini ya ikweta. Na mwaka 2018 watafiti walitoa habari ya kuvikuta katika mwitu wa Matobo nchini Zimbabwe, vikipenda sana matunda ya mti ambao watu wa huko huuita marula. Kwa hiyo kijinzi kilichoufundisha ulimwengu huko New York kilikuwa mwana wa nchi zetu, kilichofuata matunda ya watu mpaka ng'ambo ya bahari.

Kwa nini walichagua mdudu mnyonge namna hii? Kwa sababu hana gharama, na kwa sababu ana haraka. Mtu atakaye kujua urithi wa ng'ombe hungoja miaka kabla ya kumwona mjukuu. Kijinzi jike hutaga mayai mamia, na baada ya siku kama 12 watoto wake wamekwisha kuwa wazazi. Hivyo katika mwaka mmoja mtu aweza kuona karibu vizazi 30.

Mwenye chumba alikuwa Thomas Hunt Morgan, aliyezaliwa mwaka 1866. Mwaka ule ule yalipigwa chapa maandiko ya Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambaye kwa miaka mingi alipanda njegere katika bustani ya nyumba yao ya utawa, akazihesabu. Mendel aliona kwamba tabia za wazazi hazichanganyiki kama maziwa na maji. Kila tabia hukaa peke yake. Yaweza kufichwa katika mtoto na kutokea tena katika mjukuu, nzima kama ilivyokuwa. Watu hawakumsikiliza. Alikufa mwaka 1884, na mwaka 1900 ndipo wataalamu walipoyaona maneno yake upya wakastaajabu.

Basi mngedhani kwamba Morgan alikuwa mfuasi wa Mendel. Sivyo. Mwaka 1909 alisimama mbele ya chama cha wafugaji na wakulima wataalamu akasema waziwazi kwamba maelezo ya wafuasi wa Mendel yalikuwa mepesi mno: kila wakikutana na jambo gumu, walibuni neno jipya la kulifunikia. Kadhalika hakuamini kwamba urithi hukaa katika zile nyuzi ndogo zionekanazo ndani ya chembe za mwili, ziitwazo kromosomu. Na mkuu wa idara ile ile, Edmund Wilson, rafiki yake mpenzi, aliamini sana kwamba nyuzi hizo ndizo zenye kazi. Walipingana kwa miaka, wala hawakukosana. Hilo peke yake latosha kuwa somo kwa wazee wa baraza.

Tena Morgan alikuwa amechoka. Alikuwa akivilea vijinzi kwa muda, akitafuta badiliko lo lote lililo wazi, asipate. Husimuliwa kwamba mgeni mmoja alipomtembelea, alimwonyesha safu za chupa akamwambia kwamba kazi ya miaka miwili imekwenda bure.

Hata katika miezi ya kwanza ya mwaka 1910 kikaonekana katika chupa moja kijinzi dume, na macho yake ni meupe. Macho ya vijinzi vyote ni mekundu. Kile kilikuwa na macho meupe kabisa. Mke wa Morgan, Lilian, alikuwa amejifungua mtoto siku zile, na masimulizi ya jamaa yasema kwamba mume alipofika kumwona, mke alianza kumwuliza habari za kijinzi kabla ya kuulizwa habari za mtoto. Kijinzi kilikuwa dhaifu. Lakini kabla ya kufa kilikutanishwa na majike wenye macho mekundu, na kikaacha uzao.

Sasa twawaomba mshike hesabu, maana hapa ndipo penye moyo wa habari yote. Watoto waliozaliwa walikuwa 1,237 wenye macho mekundu. Weupe wa baba ulikuwa umetoweka. Ndipo watoto wakakutanishwa wao kwa wao, na wajukuu wakahesabiwa mmoja mmoja: majike wenye macho mekundu 2,459, madume wenye macho mekundu 1,011, madume wenye macho meupe 782, na majike wenye macho meupe hakuna hata mmoja. Weupe wa babu ulikuwa umerudi, kama Mendel alivyosema; lakini ulirudi kwa wajukuu wa kiume peke yao.

Morgan angaliweza kusema kwamba majike hawawezi kabisa kuwa na macho meupe, na kulifunga jambo hapo. Hakufanya hivyo. Alimkutanisha dume mwenye macho meupe na binti zake mwenyewe, akahesabu tena: majike wekundu 129, madume wekundu 132, majike weupe 88, madume weupe 86. Kumbe majike waweza. Ila ni lazima waupokee weupe kwa baba na kwa mama pia.

Maana yake ni nini? Mwanamke ana nyuzi mbili za namna moja, ziitwazo X. Mwanamume ana X moja tu, na mwenziwe ni uzi mwingine uitwao Y. Weupe wa macho ulikuwa katika ile X ya babu. Babu huwapa binti zake wote X yake. Wanawe wa kiume huwapa Y. Binti aliyepokea X yenye weupe ana X nyingine kutoka kwa mama yake, nayo nzima, humfunika. Kwa hiyo macho yake ni mekundu. Lakini azaapo, nusu ya wanawe wa kiume huipokea ile X ya babu, nao hawana X ya pili ya kuwafunika. Hivyo weupe hutoka kwa babu, hupita kimya ndani ya binti, hutokea kwa mjukuu wa kiume. Kwa mara ya kwanza watu waliona dalili iliyo wazi kwamba tabia moja yaenda pamoja na uzi mmoja unaojulikana.

Morgan aliiandika habari hiyo, ikapigwa chapa tarehe 22 Julai 1910. Na sasa tazameni jambo la ajabu. Mwezi wa Agosti, mwaka huo huo, ilitoka makala nyingine ndefu ya Morgan huyo huyo, aliyoiandika kabla, ikitia shaka kwamba kromosomu hubeba urithi. Basi ndani ya majuma machache dunia ilisoma maneno mawili ya mtu mmoja, na la kwanza lilianza kulibomoa la pili. Wako ambao wangeona haya. Wangetafuta njia ya kusema kwamba hawakukosea kamwe. Morgan alizifuata hesabu zake; na kufika mwaka 1911 alikuwa akiandika waziwazi kwamba tabia za urithi zimo katika kromosomu. Mwanafunzi wake hakumshinda kwa maneno, wala rafiki yake Wilson. Alishindwa na kijinzi, akakubali.

Na jambo jingine dogo, ambalo twawaomba walimu walitie moyoni. Pamoja na wale watoto 1,237 walikuwapo watatu wenye macho meupe, wasiotazamiwa kabisa. Walimharibia hesabu. Angaliweza kuwatupa, na nani angalijua? Aliwaandika wote watatu katika makala yake, kila msomaji awaone. Miaka michache baadaye kijana mmoja wa chumba kile alichunguza kwa bidii watoto wa namna hiyo, wanaokwenda kinyume cha kanuni, akagundua kwamba mara chache nyuzi hukosa kutengana kama ipasavyo. Na mwaka 1916 alilifanya jambo hilo kuwa ushahidi imara kupita wote kwamba urithi umo katika kromosomu. Kilichoonekana kuwa kasoro kikawa nguzo.

Kijana huyo aliitwa Calvin Bridges, na habari yake yafaa isemwe. Alikuwa yatima, aliyefiwa na baba na mama akiwa mtoto mdogo, akalelewa na bibi yake. Yeye na Alfred Sturtevant, kijana aliyekulia shambani katika jimbo la Alabama, waliyasikia mafundisho ya Morgan, na mwaka huo 1910 wote wawili wakapewa nafasi katika Chumba cha Nzi. Sturtevant alikuwa amemletea mwalimu karatasi aliyoiandika juu ya urithi wa rangi za farasi wa kwao. Bridges hakuwa na karatasi. Aliajiriwa kuosha chupa. Akiwa katika kazi hiyo aliona, kupitia kioo kizito cha chupa isiyosafishwa bado, kijinzi ambacho wekundu wa macho yake ulikuwa wa namna nyingine, ung'aao zaidi. Wenye vyeo hawakukiona. Mwosha chupa alikiona. Morgan hakumwambia arudi kwenye maji yake. Alimpa meza.

Na tazameni walivyohitajiana. Sturtevant hakuweza kupambanua rangi vema kama watu wengine, alizaliwa hivyo. Bridges alikuwa na jicho kali kuliko wote. Lakini Sturtevant alikuwa na akili ya hesabu. Mwishoni mwa mwaka 1911, akiwa na miaka kama 20 tu, alizungumza na mwalimu wake juu ya tabia zipendazo kurithiwa pamoja, mara likamjia wazo. Alikwenda nyumbani na makaratasi ya hesabu, akaacha kazi aliyopaswa kuwaandikia walimu wengine, akakesha sehemu kubwa ya usiku. Wazo lenyewe ni kama hili. Chukueni uzi wa shanga, mwukate mahali po pote bila kuchagua. Shanga zilizo jirani zitabaki pamoja karibu kila mara. Zilizo mbali zitatengana mara nyingi. Basi mtu akihesabu ni mara ngapi shanga mbili zimetengana, aweza kujua umbali uliopo kati yao, ijapokuwa hajauona uzi kwa macho. Kulipokucha alikuwa na ramani ya tabia tano katika uzi wa X, nayo ilikuwa ramani ya kwanza ya namna hiyo duniani. Na mpangilio wake haujatanguliwa. Ramani zote za urithi wa mimea, wanyama na wanadamu zilizofuata ni wajukuu wa usiku ule.

Hatutaki mdhani kwamba chumba kile kilikuwa mbinguni. Hermann Muller, kijana mwingine hodari aliyefanya kazi pamoja nao, alisikitika kwamba mawazo yake hayakupewa heshima iliyostahili. Mwaka 1946 yeye naye alipata zawadi ya Nobel. Nettie Stevens, mwanamke aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia chuo, naye alipata kuwa mwanafunzi wa Morgan, ndiye aliyeonyesha mwaka 1905, katika mdudu wa unga, kwamba dume ana uzi mmoja mdogo usiolingana na mwenziwe, na kwamba hapo ndipo panapoamuliwa kama mtoto atakuwa dume au jike. Bila yeye hesabu za mwaka 1910 zisingalifahamika. Alikufa mwaka 1912, na kwa muda mrefu sifa yake ilipewa wengine. Lilian Morgan naye alikuwa mtaalamu kabla ya kuolewa. Watoto walipokua alirudi kwenye vijinzi, akagundua jambo kubwa lililotangazwa mwaka 1922, lakini hakuwa na cheo humo. Twayasema haya kwa sababu sikukuu inayowasahau baadhi ya wajenzi haijatimia.

Lakini katika mambo mengi Morgan alikuwa mwungwana. Aliwasaidia wanafunzi kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1915 kilipotoka kitabu kikubwa cha kazi yao, kilikuwa na majina manne, la mwalimu na ya vijana watatu. Na mwaka 1933, alipopewa zawadi ya Nobel yeye peke yake, aliigawa fedha ile kati ya watoto wake na watoto wa Sturtevant na wa Bridges, kwa ajili ya masomo yao. Mtoto wa yatima aliyeosha chupa akasomeshwa kwa zawadi ya mwalimu.

Sasa turudi nyumbani, maana tuliahidi. Mwaka 1911 Wilson, yule mkuu wa idara, alionyesha kwamba kutopambanua rangi kwa wanadamu kwafuata njia ile ile ya macho meupe ya kijinzi: babu, kisha binti aliye mzima, kisha mjukuu wa kiume. Ndiyo njia pia ya ule ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao mtoto wa kiume akiumia hutokwa na damu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama ni mzima, baba ni mzima, na mtoto anaumia. Je, ni mara ngapi nyumba yenye msiba kama huo imetafuta mchawi? Ni mara ngapi jirani ameonyeshwa kidole? Mchawi hayupo. Ni uzi mmoja uliopita kimya.

Tena liko kubwa kuliko hilo. Mama ana X mbili, kwa hiyo hana cha kumpa mtoto ila X. Baba ana X na Y. Akitoa X mtoto ni wa kike, akitoa Y mtoto ni wa kiume. Nasi tumeona kwa macho yetu wanawake waliosimangwa, waliodharauliwa na mawifi, hata waliorudishwa kwao, kwa kuwa walizaa mabinti watupu. Walihukumiwa kwa jambo lisilotoka kwao hata kidogo. Wala hatusemi sasa lawama ihamie kwa baba, maana naye hachagui. Twasema lawama ikome. Yaliyo wazi tangu siku za Nettie Stevens na Chumba cha Nzi hayafai kuwa siri katika vijiji vyetu baada ya miaka zaidi ya 100.

Walimu wetu, kwenu tunamalizia. Huenda darasa lenu halina kioo cha kukuzia wala kabati la dawa. Lakini ndizi mbivu mnazo, na chupa mnazo, na vijinzi vitakuja vyenyewe. Wafundisheni watoto kutazama. Wafundisheni kuandika idadi kama ilivyo, pamoja na wale watatu wanaoharibu hesabu. Mwosha chupa akiona kitu msichokiona ninyi, mpeni meza. Na siku hesabu ya mtoto itakapoonyesha kwamba mwalimu amekosea, mwalimu na aseme mbele ya darasa, Nimekosea. Hatapungukiwa heshima. Morgan alisema hivyo katika mwaka mmoja, naye alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye jina kubwa. Na kwa kusema hivyo akaufungua mlango ambao wengi wanaupita mpaka leo.

Nasi sote, kabla ya kumlaumu mke, au jirani, au mtoto mwenyewe, na tuhesabu kwanza.